Waraka wa mwisho wa mwaka utoke kabla ya mitihani: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Uganda

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wasajili wa Taaluma, Makatibu wa Vyuo na Wakuu wa Fedha

Waheshimiwa,

Kila Desemba wafanyakazi wa vyuo vikuu hupokea waraka wa mwisho wa mwaka. Huwa na salamu za sikukuu, shukrani, tarehe ya kufunga ofisi na tarehe ya kuzifungua. Mara nyingi hufika mitihani ikiwa ukingoni: mhadhiri ana vijitabu 300 vya majibu mezani, karani wa mitihani anasaka bahasha iliyopungua, na mhadhiri wa muda anapigwa danadana na fomu yake ya malipo, mlango hadi mlango. Wakati huo waraka haumsaidii mtu. Unamwambia tu kwamba amechelewa.

Muhula wa kwanza huanza Agosti, na katika vyuo vyetu vingi una wiki 17: 15 za kufundisha na 2 za mitihani. Tunaomba waraka utoke kufikia wiki ya 13, na tarehe zake zipangwe na ofisi zote zikiwa zimekaa pamoja. Alama, malipo, likizo na kodi zimefungwa kamba moja. Ofisi moja ikivuta tarehe yake bila kuangalia za wenzake, fundo linakaza kwa wote.

Tuanze na alama, maana ndizo zinazowaliza watu. Waraka wa kawaida husema alama zote ziwe zimeingizwa kwenye mfumo kabla ya kufunga. Tupige hesabu. Kijitabu chenye majibu manne ya insha, kikisomwa kwa haki, kinachukua dakika 12 hivi. Darasa la watu 300 ni dakika 3,600, yaani saa 60. Mhadhiri akisahihisha saa 6 kwa siku bila kikao wala kazi nyingine, anahitaji siku 10. Wengi wana kozi mbili za ukubwa huo, kwa hiyo ni siku 20. Sasa tuseme mtihani wa mwisho umefanywa Ijumaa ya tarehe 12 na ofisi zinafungwa Jumatano ya tarehe 24. Siku za kazi zilizobaki ni 8, saa 48. Ukigawa saa hizo kwa vijitabu 600, kila kimoja kinapata chini ya dakika 5. Hapo mhadhiri ana njia mbili tu: asome juu juu, au achelewe. Anayechelewa anaandikiwa barua ya onyo. Anayesoma juu juu haonekani, na mwanafunzi ndiye anayelipa.

Waraka wa wiki ya 13 unaweza kutenganisha mambo ambayo sasa yanachanganywa. Kabla ya kufunga, yadaiwe yale yanayowezekana: vijitabu vyote viwe vimehesabiwa na kulinganishwa na orodha ya mahudhurio, na alama za kazi za muhula ziwe ndani ya mfumo. Alama za mtihani wenyewe zipewe tarehe ya Januari, siku kadhaa kabla ya kikao cha idara. Na kila kozi yenye wanafunzi zaidi ya 150 ipangiwe msahihishaji wa pili mapema, ajulikane kwa jina kabla ya karatasi kuchapwa. Msahihishaji anayetafutwa Desemba 20 hapatikani. Ameshapanda basi kwenda kijijini.

Hilo la kazi za muhula tunalisisitiza. Katika programu nyingi alama hizo ni 40 kwa 100, kwingine 30. Majaribio yamefanywa wiki ya 6 na ya 11, yamesahihishwa, na alama zimekaa kwenye daftari au kompyuta ya mhadhiri zikisubiri mtihani ili ziingizwe kwa mkupuo mmoja. Zikiingizwa mwisho wa wiki ya 15, mwanafunzi anaziona akiwa bado chuoni na mhadhiri yupo ofisini. Kama jaribio lake halionekani, analeta karatasi yake na kosa linarekebishwa kwa dakika mbili. Kosa lilelile likigunduliwa miaka miwili baadaye, orodha ya mahafali inapoandaliwa, linahitaji barua ya mkuu wa idara, kikao cha kitivo na idhini ya Seneti. Pengine mhadhiri mwenyewe keshahama.

Alama hazipotei zenyewe. Zinapotea mahali panapojulikana, na pa kwanza ni chumba cha mtihani. Darasa kubwa linagawanywa kumbi tatu. Ukumbi wa tatu ni chumba kidogo cha juu, kina watu 38, na msimamizi wake ametoka idara nyingine. Anakusanya vijitabu, anaviweka kwenye bahasha, anaandika jina la kozi, anampa mtu wa karibu ampelekee mhusika. Bahasha inakaa kwenye meza isiyo yake. Dawa yake haigharimu chochote: juu ya bahasha paandikwe namba ya kozi, jina la ukumbi, idadi ya sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, idadi ya vijitabu vilivyomo, saa ya kufunga, na sahihi za wasimamizi wawili. Hesabu ifanywe wanafunzi wakiwa bado wameketi. Kama sahihi ni 38 na vijitabu ni 37, hakuna anayetoka mpaka kijulikane kilipo cha 38. Mara nyingi kimekwama ndani ya kijitabu kingine, au mwanafunzi alitia sahihi akatoka nacho. Milango ikishafunguliwa, kukitafuta ni kubahatisha.

Pa pili ni usajili. Mwanafunzi amehudhuria, amefanya mtihani, amefaulu, lakini hakusajili kozi hiyo kwenye mfumo, labda kwa sababu ada ilichelewa kusomeka. Jina lake halimo kwenye orodha ya kuingizia alama. Mhadhiri ana alama mkononi na hana pa kuiweka. Anaiandika kando kwa kalamu, na karatasi hiyo ndiyo inayopotea. Pa tatu ni wanaorudia kozi. Mtaala ukipitiwa upya, kozi hupewa namba mpya. Aliyeanguka chini ya namba ya zamani anakaa na darasa jipya, na alama yake inaingia kwenye namba ambayo rekodi yake haiijui. Mfumo unaendelea kumwonyesha kama hajafanya. Haya yote mawili Msajili anaweza kuyaona wiki ya 13: atoe orodha ya kila kozi, mhadhiri aisome darasani kwa dakika kumi, wasiosikia majina yao wapewe siku tano za kurekebisha. Wanaorudia wawe na orodha yao yenye namba zote mbili, ya zamani na mpya.

Pengine itaonekana tunakuza jambo dogo. Wastani wa mwanafunzi hupimwa kwa pointi 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.40, la pili la juu 3.60. Kozi moja ikikosekana, wastani haufungwi, na mwanafunzi haingii kwenye orodha ya mahafali hata kama kozi zake nyingine zote ziko sawa. Anayekosa mahafali kwa sababu hiyo anasubiri mwaka, na barua ya kazi aliyoahidiwa haimsubiri.

Waraka useme pia mfumo utafungwa lini kwa matengenezo. Wakuu wa mifumo hupenda wiki ya sikukuu kwa sababu chuo kiko kimya, na wanayo haki, lakini ndiyo wiki ambayo mhadhiri aliye kwao Lira au Kabale ameketi na alama zake. Tarehe zikijulikana mapema, pande zote mbili zinapishana. Na kama uingizaji wa alama umefungiwa mtandao wa ndani ya chuo, wakuu wakumbuke kwamba vyuo vilivyojiunga na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, vinapeana huduma ya Wi-Fi iitwayo eduroam: mhadhiri wa chuo kimoja anaweza kuingia intaneti akiwa kwenye uwanja wa chuo kingine kwa jina lake lilelile. Kinachobaki ni chuo chake kumfungulia njia salama ya kuufikia mfumo kutoka nje. Bila njia hiyo, watu hutumiana alama kwa WhatsApp ili aliyebaki chuoni awaingizie. Hapo kosa la kuandika ni rahisi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuwa imevunjwa. Vivyo hivyo kwa karatasi za majina na alama zinazobandikwa ukutani.

Kabla ya funguo kurudishwa, kila idara iwe na nakala ya alama mahali pawili, na si katika jengo moja. Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Makerere, na jengo hilo lilifunguliwa upya 2024 tu. Kabati la chuma linazuia mwizi. Halizuii moto.

Sasa malipo. Vyuo vya umma vinaishi na kalenda mbili. Mwaka wa masomo huanza Agosti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ada ya mwanafunzi haikai kwenye akaunti ya chuo: inalipwa kupitia Mamlaka ya Mapato, URA, inaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha chuo kinapewa mafungu kila robo ya mwaka. Na kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, fedha isiyotumika hadi mwisho wa mwaka wa fedha inarudi Hazina. Kwa hiyo mhadhiri wa muda aliyefundisha muhula wa pili, akasahihisha Juni na kuleta dai lake Julai, anakuta mwaka wa fedha umeshafungwa. Dai lake linageuka malimbikizo, linahakikiwa upya na kupanga foleni. Mwenzake wa muhula wa kwanza ana nafuu kidogo, lakini dai lililokamilika 20 Desemba haliko sawa na lililokamilika katikati ya Januari, wakati kila idara inagombea fungu jipya.

Madai mengi yanarudishwa kwa sababu ambazo zingejulikana mapema. Barua ya uteuzi ina tarehe ya Oktoba na mtu amefundisha tangu Agosti: mkaguzi wa ndani anakata saa zote zilizotangulia tarehe ya barua, na kwa kanuni zake hajakosea. Aliyekosea ni aliyechelewesha barua. Karatasi ya mahudhurio haina sahihi ya kiongozi wa darasa. Namba ya mlipakodi haikuambatanishwa. Jina kwenye akaunti ya benki lina maneno matatu na kwenye kitambulisho cha taifa yako mawili, au mpangilio umegeuzwa, na malipo yanarudi bila mwenyewe kuambiwa. Waraka uandike orodha ya viambatanisho vyote, utaje siku ya mwisho ya kupokea madai, na utaje mtu mmoja katika idara ya fedha anayejibu maswali. Zaidi ya hapo, madai yapokelewe kila mwezi. Saa za Agosti zikikaguliwa Septemba, Desemba inabaki na saa za Novemba na usahihishaji tu, na sahihi ya mkuu wa idara inapatikana kwa sababu hajatingwa na mafungu mia ya karatasi kwa siku moja. Vyuo binafsi havina kisingizio cha Hazina, ila kasoro za fomu ni zilezile.

Kuna tarehe moja ambayo waraka wetu karibu kamwe hauitaji: 31 Desemba. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato, yaani fomu ya kuieleza URA ulichopata, kwa mwaka ulioisha 30 Juni. Mwenye mwajiri mmoja tu, anayekatwa PAYE (kodi inayokatwa na mwajiri kwenye mshahara) na asiye na kipato kingine, hahitaji kuwasilisha. Lakini wahadhiri wangapi wana mwajiri mmoja? Anayefundisha chuo cha pili jioni na Jumamosi ana waajiri wawili, na anawajibika. Anahitaji kutoka kila chuo taarifa ya mapato yake na kodi iliyokatwa, Julai hadi Juni, mwezi kwa mwezi. Ofisi zikifungwa tarehe 24 na taarifa haijatolewa, anabaki na siku saba za sikukuu na mlango uliofungwa. Taarifa hiyo itolewe kufikia mwisho wa Novemba bila kuombwa, na pamoja nayo orodha ya michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, ambayo inapaswa kufika kwenye mfuko kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi akiona mwezi wa Machi umerukwa, aulize sasa. Akigundua siku anayostaafu, mhasibu aliyekuwepo Machi hiyo hayupo tena.

Kuhusu likizo tutasema kwa ufupi. Sheria ya Ajira ya 2006 inatoa siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka, kwa malipo kamili, na zichukuliwe ndani ya mwaka huohuo. Waraka haujibu swali ambalo kila mtu anauliza: je, siku ambazo chuo kimefunga kati ya Krismasi na Januari zinakatwa kwenye zile 21? Litolewe jibu kwa maandishi, na 25 na 26 Desemba na 1 Januari zisihesabiwe, kwa kuwa ni sikukuu za taifa. Makarani wa mitihani na mafundi wa mifumo ndio wanaozuiwa kila mwaka ili matokeo yatoke. Wanaahidiwa kwamba siku zao zitahamishwa, kisha zinafutika. Waandikiwe idadi ya siku na tarehe ya mwisho ya kuzichukua.

Maabara nazo hazifungwi kama ofisi. Friji za sampuli na chanjo, majiko ya gesi, mitungi, wanyama wa utafiti, mbegu zilizooteshwa: kila kimoja kiwe na jina la mwenye dhamana na siku zake za zamu. Jambo linalosahaulika ni umeme. Jenereta ipo, lakini dizeli imeisha, ufunguo uko na mtu aliye Masaka, na mita ya umeme wa kulipia kabla imekata saa nane usiku wa tarehe 27. Friji yenye sampuli za miaka mitatu ikipanda hadi joto la chumba, hakuna barua itakayozirudisha. Waraka utaje lita za dizeli zilizotengwa kwa kila jengo, nani anawasha, na nani anapigiwa simu akikosekana huyo. Namba hizo zibandikwe mlangoni mwa maabara, ambapo askari wa doria atazisoma usiku kwa tochi.

Askari huyo ndiye anayetuleta kwenye ombi la mwisho. Waraka huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini na kutumwa kwa baruapepe. Askari wa lango, dereva, mpishi wa bweni na mfagiaji hawana baruapepe ya chuo, na wengi wao Kiswahili ndicho walichokitumia kazini, jeshini, polisi au barabarani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliochapwa na kubandikwa langoni, jikoni na kwenye gereji, unatosha kuwaambia zamu, siku ya mshahara, na nani anaruhusiwa kuingia jengo gani wakati chuo kimefungwa. Uwaambie pia vibarua jambo linalowahusu wao zaidi: kwa Kanuni za Ajira za 2011, aliyefanya kazi zaidi ya miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Asirudishwe nyumbani Desemba na kuajiriwa upya Januari ili hesabu ianze mwanzo.

Kuandaa waraka wa namna hii ni kazi ya siku moja kwa watu wanne: karani wa mitihani, mhasibu wa mishahara, ofisa wa rasilimali watu na fundi wa mfumo, wakiwa na kalenda moja mezani. Tunaomba muwaite wakae wiki ya 11, ili rasimu iwafikie wakuu wa idara wiki ya 12 na itoke ya 13. Kwa muhula wa pili wakae tena mapema, kwa sababu 30 Juni inakuja na mwisho wake mwenyewe wa mwaka.

Wenu kwa heshima,

Wahadhiri, makarani wa mitihani, mafundi wa maabara na wahasibu wa vyuo vikuu
Uganda